Panya Wasio na Mama

Vijana, mtu akikuuliza ulifanya kazi gani, nawe ukamjibu kwamba ulikuwa unapima figo za panya, jitayarishe kuchekwa. Mimi nimechekwa Garissa, nimechekwa Bura, nimechekwa hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Nimeshazoea. Sasa nimestaafu, ndevu zimekuwa nyeupe, na wenzenu wa maabara wameniomba niwaandikie mambo mawili matatu ya kazi kabla sijayasahau. Nitaandika yanavyonijia. Anayetaka mpangilio akasome vitabu.

Naitwa Bishar. Miaka ya tisini nilikuwa mtunza panya kwenye banda moja la utafiti nje kidogo ya mji wa Garissa, barabara ya kwenda Bura. Tulikuwa wafanyakazi wawili. Mimi niliajiriwa kwa sababu najua kusoma na kuandika. Mwenzangu alikuwa Dahabo, mwanamke mtu mzima aliyekulia nyuma ya ngamia, na yeye aliajiriwa kuosha vizimba na kujaza chupa za maji. Nilimwita eeddo, yaani shangazi, ingawa hatukuwa damu moja. Mkubwa wetu alikuwa Daktari Nduku, mama wa Kikamba, mpole wa sauti na mkali wa macho, aliyekaa Nairobi na kututembelea kila baada ya miezi mitatu hivi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari alituletea panya wa aina mbili, wengine wenye figo kubwa, wengine wenye figo ndogo, na miili yao sawa. Tukawaoza wao kwa wao. Wakazaa, tukawaoza watoto, wakazaa tena, mpaka kizazi cha nne. Daktari alitaka kujua ukubwa wa figo unarithiwa kwa baba au kwa mama, na umejificha sehemu gani ya kromosomu. Kwa hiyo kila panya alikuwa na mambo matatu: ukoo wake daftarini, kipande cha ncha ya mkia kwenye kichupa cha spiriti kilichopelekwa Nairobi kusomwa DNA, na mwishowe uzito wa figo zake. Ukiweka matatu hayo pamoja unapata ramani. Ukikosa moja, huna ramani, una panya wengi tu.

Msiniulize kwa nini walichagua Garissa. Daktari alisema ni joto na ukame. Watu wa mjini walisema ni wazimu. Kiangazi kikikaza, kina mama wanapanga foleni ya mitungi, na mimi napita na chupa za maji safi ya kuchemsha. “Bishar, za wagonjwa hizo?” “La, za panya.” Astaghfirullah zilizosemwa barabara ile zingetosha kujaza mto Tana.

Nianze na mizani, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kuaibika. Figo ya panya ni kitu kidogo kama punje ya haragwe. Unaitoa, unaondoa mafuta yaliyoizunguka, unaikausha damu kwa karatasi laini, unaipima hapo hapo. Hapo hapo! Wiki yangu ya kwanza nilikuwa nimeiweka figo kwenye kisahani, akaingia jamaa yangu kutoka Griftu. Na salamu zetu mnazijua. Habari ya afya, habari ya watu, habari ya ngamia, habari ya mvua, mvua ya huku, mvua ya kule, nani kafa, nani kaoa. Niliporudi kwenye mizani, figo imenyauka. Nikaipima. Nikaandika. Daktari alipokuja alisimama sana juu ya namba ile, akaniuliza, “Bishar, huyu panya aliugua?”

“Hapana, Daktari. Alipata mgeni.”

Tangu siku hiyo nilibandika karatasi mlangoni: Figo haisubiri salamu. Watu walinuna, wakasema Bishar ameota mapembe. Bandikeni na nyinyi, mnuniwe.

Na feni. Mizani ile ilikuwa nyepesi, upepo wa feni ukiigusa namba zinacheza. Basi unazima feni, ndani ya banda la mabati, Garissa, saa saba mchana. Jasho linakutoka mpaka kwenye kope, na ole wako tone lianguke kwenye kisahani. Nimewahi kupima jasho langu mara mbili. Dahabo alinifunga kitambaa kichwani kama mwanamke aliyejifungua, na kitambaa hicho ndicho kilichookoa sayansi.

Mikia nayo ilikuwa na vituko vyake. Siku moja nilikuwa nasafirisha sanduku la vichupa kwenda Nairobi, askari wa kizuizi akalifungua. Akanusa. Spiriti. Akaangalia ndani, vipande vyeupe vinaelea.

“Hii ni nini, mzee?” Nilikuwa kijana wa miaka thelathini, lakini hofu ilikuwa imenizeesha.

“Mikia, afande.”

“Mikia ya nini?”

“Ya panya.”

“Umeweka mikia ya panya ndani ya pombe?”

“Ndiyo, afande. Daktari anataka kuwajua baba zao.”

Alifunga sanduku polepole, kwa vidole viwili, akanirudishia. Akaniambia niende na Mungu. Shikeni hilo: mkiulizwa, semeni ukweli. Ukweli wa kazi yetu hakuna anayetaka kuusikia mara mbili.

Sasa nije kwenye daftari, na hapa natamani ningekuwa namwandikia mtu asiyenijua.

Daktari alipotukabidhi banda alichora daftari mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza namba ya panya, ambayo tulimkata masikioni kama tunavyotia mbuzi alama. Kisha safu mbili tupu. Akaniambia, “Kwenye hizi mbili andika wazazi wake.” Akapanda gari, akaenda.

Nyinyi watoto wa huku mnajua tulivyolelewa. Mtoto wa Kisomali hajaota meno yote na tayari anafundishwa majina ya baba zake. Bishar wa Abdi, wa Noor, wa Gedi, wa Shire. Mimi nilikuwa nafika baba wa ishirini bila kuvuta pumzi, na kwa hilo nilikuwa najivuna sana. Basi nimeambiwa niandike wazazi, safu mbili. Wallahi sikufikiria hata kidogo. Safu ya kwanza niliandika baba. Ya pili nikaandika babu.

Miaka mitatu! Baba, babu. Baba, babu. Kwa mwandiko mzuri, wino wa buluu, mstari ulionyooka. Daktari akija anafunua kurasa, anaona safu zimejaa namba, anasema, “Safi sana, Bishar.” Namba haina ndevu wala ushungi, angejuaje? Namba ya mama ilikuwa kwenye kadi ya kizimba tu, na kadi tulizitupa kila tulipoosha vizimba, kwa sababu si daftari lipo?

Aliyenifumbua macho ni baba mkwe wangu, na hakukusudia. Huyo alikuwa mzee wa ngamia wa Griftu, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu. Nilipokuwa nachumbia aliuliza nafanya kazi gani. Nikasema nafuga mifugo ya serikali. Akauliza, wangapi? Nikasema mia tatu na zaidi. Akanitazama kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata tena maishani. Hakuuliza mifugo gani, na mimi nikaona si adabu kumkatiza mzee furaha yake.

Miaka miwili baada ya harusi akaja Garissa sokoni kuuza ngamia, akasema anataka kuona kundi. Nilijaribu kila kisingizio. Nikasema wako malishoni. Akasema atangoja. Mwishowe nikamwingiza bandani. Alisimama katikati ya vizimba, kanzu ameikusanya kwa mkono isiguse kitu, akageuka huku, akageuka huku. Dahabo alijificha nyuma ya gunia la chakula, mabega yanatikisika kwa kicheko.

“Hawa?” akauliza.

“Ndiyo, adeer,” nikamjibu, yaani ami.

Lakini mfugaji ni mfugaji tu. Akainama kwenye kizimba kimoja, akamkagua panya jike mwenye kichwa cheusi, akamtazama mgongo, akamtazama miguu. Akaniuliza kama anavyouliza kwa ngamia yeyote, “Huyu mama yake ni nani?”

Nikafungua daftari kwa mbwembwe. “Baba yake ni namba hamsini na mbili, babu yake namba kumi na moja, baba wa babu...”

“Nimekuuliza mama.” Akagonga fimbo chini. “Watu tunawahesabu kwa baba. Mnyama anahesabiwa kwa mama. Dume unaazima kwa jirani, anapita. Maziwa yanatoka wapi? Ukoo wa ngamia ni mama yake, na mama wa mama yake. Hujui hata hilo, na umeniolea binti?”

Mimi sikumsikia alipofika kwa binti. Nilikuwa nafunua kurasa, jasho linanitoka, na feni ilikuwa inazunguka. Baba, babu. Baba, babu. Lahaula! Panya mia tatu na zaidi, vizazi vinne, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mama.

Daktari alikuwa anakuja wiki ifuatayo kuchukua daftari. Wafadhili wake walitaka ramani. Bila mama hakuna ramani, na bila ramani miaka mitatu ya kazi inakwenda shimoni, banda linafungwa, Dahabo anarudi kuuza maziwa kibanda kwa kibanda, nami narudi kwa baba mkwe kueleza kwamba hata mifugo ile midogo imenishinda.

Nitawaambia nilichotaka kufanya, na mjifunze. Nilichukua daftari jipya, nikachora safu tatu, nikaanza kubuni. Huyu mpe mama namba arobaini, huyu mpe sitini na saba. Nimefika kwenye mstari wa sita hivi, Dahabo akasimama mbele yangu na ndoo.

“Bishar, unaandika nini?”

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikamweleza yote. Alinisikiliza, akaweka ndoo chini.

“Unasingizia mnyama mama asiyemzaa? Subhanallah. Hata mwizi wa ngamia hafanyi hivyo.” Akavuta kiti. “Taja namba.”

“Namba gani?”

“Yoyote. Taja.”

“Mia moja na nne.”

“Huyo ni mtoto wa Mguu-Kombo, mzao wake wa pili. Mguu-Kombo mama yake ni Kelele, yule aliyekuwa akilia ukimshika. Kelele mama yake ni Bibi Harusi, mmoja wa wale waliokuja na gari kutoka Nairobi.”

Nikataja nyingine, akajibu. Nyingine, akajibu. Kila jike alikuwa amempa jina, kila mzao aliujua, nani alikula watoto wake, nani alinyonyesha wa mwenzake. Miaka yote nilipokuwa nawakata masikio na kuwaita namba, yeye alikuwa anaosha vizimba na kuhesabu mama, kama alivyofundishwa na mama yake kwenye zizi la ngamia. Tuliandika siku nne. Mkono wangu ulivimba, ulimi wake haukuchoka.

“Eeddo,” nikamwambia, karibu nilie, “kwa nini hukuniambia miaka yote hii?”

“Uliniuliza?”

Daktari alipofika sikumficha kitu, ila kitu kimoja, mtakisikia. Nilimwonyesha daftari la zamani na jipya. Macho yake yalitembea kwenye safu ya babu, yakasimama. Sijawahi kuona mtu mpole akikunja kalamu mpaka ikavunjika. Akamgeukia Dahabo.

“Mama, hivi vyote umevitoa kichwani?”

Mimi na Dahabo tulizungumza Kisomali, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwake mwenyewe. “Daktari, huyu Bishar iko na daftari. Mimi iko na kichwa. Hii banya yako, mimi najua mama yake kama najua watoto yangu.”

“Na nikikosea kukuamini, kazi yote ni uongo.”

“Basi usiamini. Si iko na mikia? Uliza mikia.”

Daktari akacheka bila kupenda. Akachagua panya thelathini yeye mwenyewe, huku amefunika daftari, akamwuliza Dahabo mmoja mmoja, akaandika majibu kwenye karatasi yake. Mama zao pia walikuwa na vichupa vyao Nairobi. Akaondoka na karatasi. Alisema DNA ikimkataa Dahabo, atakuja kufunga banda mwezi huo huo.

Tulingoja wiki tano. Dahabo aliosha vizimba kama kawaida. Mimi nilikonda, mke wangu akadhani nina mwanamke mwingine.

Daktari alirudi na karatasi, akakaa juu ya gunia. “Mama thelathini,” akasema. “Wote thelathini ni sahihi.”

Nikapiga takbiri, nikataka kumkumbatia, nikakumbuka dini na adabu, nikaishia kupiga makofi.

“Subiri,” akasema. “Panya mmoja, namba themanini na nane, mama yake ni sahihi. Lakini baba yake siye aliyeandikwa. Baba ni safu ya nani, Bishar?”

Dahabo akaanza kusugua kizimba ambacho kilikuwa kimeshasuguliwa.

“Dahabo?” Daktari akauliza.

“Baba mimi sijui,” akasema Dahabo. “Mimi ni mambo ya mama. Baba muulize Bishar. Muulize ile Ijumaa.”

Basi nikasema. Mficha uchi hazai. Ijumaa moja nilikuwa nimechelewa swala, nikafunga kizimba cha dume mmoja kwa haraka, komeo halikushika. Niliporudi kutoka msikitini nikamkuta kwa jirani, ndani ya kizimba cha Mguu-Kombo ambacho nacho sikukifunga, ametulia anakula chakula cha watu. Nikamshika shina la mkia, nikamrudisha kwake, nikatazama huku na huku. Niliona hakuna mtu. Kumbe Dahabo alikuwa nyuma ya gunia lile lile, na alilishika jambo hilo miaka miwili bila kunidai hata chai.

Daktari alicheka mpaka akafuta macho. Ukoo ulikuwa umesimama, na kosa la pekee kati ya thelathini lilikuwa langu, mwenye kusoma na kuandika. Ramani ikachorwa. Aliniambia baadaye kwamba figo kubwa zilijaa kwenye uzao wa jike mmoja ambaye Dahabo alimwita Mwizi wa Maji, kwa sababu watoto wake, wajukuu wake, wote walikuwa wanamaliza chupa kabla ya wengine. Sisi tulikuwa tunalipia DNA kutafuta jambo ambalo Dahabo alilijua kwa kujaza chupa.

Ningependa kuishia hapo, nionekane mtu. Lakini nimewaambia mseme ukweli.

Mwaka uliofuata Daktari alinipigia simu ya posta. Kitabu cha kazi yetu kinakwenda kuchapishwa, kuna ukurasa wa shukrani, nimtajie majina kamili ya waliofanya kazi bandani. Nyuma yangu kuna foleni, watu wanalalamika. Nikataja upesi: Bishar Abdi Noor. Akauliza, ni hayo tu? Nikasema ni hayo tu, Daktari. Wallahi sikuwa na nia mbaya. Nimejichunguza tangu siku hiyo na sijaona hata chembe ya nia mbaya, na hilo ndilo linalonitisha. Nimewaambia jinsi nilivyosahau mama wa panya mia tatu. Sikuwa nimejifunza kitu.

Kitabu kilipokuja nilikipeleka mbio kwa Dahabo, nikamsomea ukurasa ule kwa sauti, nikamtafsiria. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Haya,” akasema. “Na mama?”

Akachukua ndoo yake. Hakunikasirikia, hakunikumbusha tena. Mimi ndiye niliyelala na aibu hiyo miaka ishirini na ushei, na bado ninayo.

Ndiyo sababu mliponiomba niandike, sikushika kalamu kwanza. Nilikwenda kwake, nyuma ya soko la mifugo. Amezeeka, macho yamefifia, kichwa ni kile kile. Nikamwambia, eeddo, nataka kukuandika safari hii, lakini kwa njia yako. Alicheka, akaanza kutaja, nami nikaandika huku akinisimamia: Dahabo, mama yake Ebla, mama yake Hawa, mama yake Shamsa, mama yake Dahira, aliyekuwa na ngamia weupe. Hilo ndilo jina lake kamili. Anayesoma ramani ile ya figo alijue.

“Sasa wewe,” akasema.

“Mimi? Bishar wa Abdi, wa Noor, wa Gedi...”

“Bishar!”

Nikaanza upya. “Bishar, mama yake Fatuma. Mama yake Amina. Mama yake...”

Kalamu ikasimama. Baba ishirini bila kuvuta pumzi, na mama wa tatu simjui. Aliyemjua alikuwa mama yangu, na mama yangu nilimzika kabla sijamuuliza. Dahabo alinitazama, akatikisa kichwa. “Hata banya ya Daktari inakushinda,” akasema kwa Kiswahili chake.

Jioni ile nilimpigia simu dada yangu mkubwa aliyeolewa Ijara. Nikamwuliza, nyanya yetu Amina alizaliwa na nani. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayemhofia ndugu yake mzee, “Bishar, kwani wamekurudisha kwa panya?”

Nikamwambia, “La, walaal, dada yangu. Safari hii ni sisi.”